Ukuta wa Kutoonana

Siku mume wangu alipotoka nyumbani mwake kwa kupitia dirishani, nilijua ukuta lazima ujengwe, na ujengwe upesi, la sivyo mmoja wetu angerukwa na akili. Nilikuwa na hakika kwamba huyo mmoja angekuwa mimi.

Nobert si mtu mdogo. Ni fundi wa kujenga, mabega yake yanajaza mlango, na dirisha la chumba chetu alilipima mwenyewe enzi zile akiwa kapera mwembamba. Asubuhi hiyo alikuwa amechelewa kazini. Mama yangu alikuwa ameketi kizingitini akimenya mihogo, mgongo kwa mlango, wala hakujua kuwa mkwe wake bado yumo ndani. Nobert akakohoa. Mama hakusikia, redio ya jirani ilikuwa inapiga kelele. Akakohoa tena, safari hii kama mgonjwa wa kifua. Mimi nilikuwa nje nyuma ya nyumba naanika nguo, na nilipogeuka nikaona mguu umetangulia dirishani, kisha kichwa, kisha suruali ikanaswa na komeo na kuchanika. Fundi mzima, baba wa mtoto, anatoroka nyumba yake kama mwizi wa kuku! Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Halafu kicheko kikakatika, nikajikuta nina hasira za kulia.

Nieleze basi, kwa wasiojua mila zetu. Sisi Wanande wa Beni na Butembo, na Wakonzo wa Kasese, ni ndugu wa lugha na wa desturi, mpaka wa nchi mbili umepita tu katikati yetu. Huku na kule, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani. Hawali pamoja, hawapishani mlangoni, hawaitani majina, na wakiwa na neno la kuambiana hulipitisha kwa mtu mwingine. Si chuki, ni heshima. Na kwa kawaida heshima hiyo haimchoshi mtu, kwa sababu mama mkwe anakaa kwake na mkwe anakaa kwake.

Lakini mwisho wa mwaka 2014 watu walianza kuuawa kwa mapanga katika vijiji vya nje ya Beni. Mama yangu, Esperance, alikuwa mjane akilima peke yake huko. Majirani wawili walipokwenda shambani wasirudi, alifunga mlango wake, akapanda lori mpaka Kasindi, akavuka daraja la mpakani la Mpondwe na mfuko mmoja wa safari, mfuko wa turubai wenye maua mekundu, akaja kwangu Bwera. Angekwenda wapi? Mimi ndiye mtoto wake pekee.

Nobert alimpokea kwa moyo mmoja, ila alimpokea akiwa nyuma ya nyumba. Alichinja jogoo, akaniambia nimpelekee mama, naye akala ugali wake kwa dagaa kibandani. Tulimpa mama chumba cha stoo, kile kilichoungana na jiko la zamani, ng'ambo ya ua. Chumba kizuri, hakivuji. Taabu ni kwamba ua ulikuwa mmoja, choo kimoja, pipa la maji moja. Kutwa ikawa ni kukohoana ili wasikutane. Mama akisikia viatu vya Nobert alijifunika kitenge kichwani na kutembea hivyo hivyo, mpaka siku moja akagonga mti wa kamba ya nguo na kuvimba paji la uso. Nobert naye alianza kurudi kazini giza likiwa limeingia, na kuondoka jogoo hajawika. Na katikati yao nilikuwa mimi, "mwambie mama" huku, "umuambie bwana yako" kule. Nilikuwa simu yao, ila simu walau huwekwa chaji.

Jioni ya siku ya dirisha mama aliniita chumbani kwake. Mfuko wa maua mekundu ulikuwa kitandani, umefungwa zipu.

"Yvette, miye sikukuya huku kufichama sawa panya," alisema. "Mukwe wangu iko naruka dirisha ya nyumba yake juu yangu? Hapana. Narudia kwetu."

"Kwenu watu wanachinjwa, Mama."

"Basi nitakufa na heshima yangu. Huku nitakufa na haya."

Mama yangu hatishi watu kwa maneno. Akisema anaondoka, ameshaondoka, kilichobaki ni miguu tu. Nilitoka pale, nikamweleza Nobert neno kwa neno. Aliitazama suruali yake iliyochanika, kisha akasema, "Kale, haya. Ambia mama asiende. Nitajenga ukuta."

Niliporudisha jibu, mama alifikiri kidogo. "Bon, sawa. Ukuta ikimalizika, nitabaki. Ila mufuko yangu siifungue mpaka ile siku." Akausukuma mfuko chini ya kitanda, ukakaa humo umejaa, kila nikifagia ninauona.

Jumapili, sisi tukiwa tumetoka kwetu kanisani na mama ametoka kwake misa, tulipanga. Nasema tulipanga, ila ukweli walipanga wao, mimi nilikimbia. Mama alijifungia chumbani. Nobert akapigilia vigingi, akavuta uzi kutoka kona ya nyumba yetu mpaka kwenye ua wa miti kule nyuma, ukagawa uwanja mapande mawili. Akasimama mbele ya uzi, akaweka mkono juu ya kichwa chake.

"Ambia mama ukuta itakuwa refu kupita macho yangu, hata nikisimama juu ya ndoo."

Nikaenda. Mama akasema, "Umuambie ni vizuri, lakini asinifungiye jua. Mihogo yangu itakaukia fasi gani?"

Nikarudi. Nobert akausogeza uzi upande wake, akajinyima hatua kadhaa za ua wake mwenyewe. Nikaenda. Mama akataka choo chake mwenyewe. Nikarudi. Nobert akasema atachimba kabla ya ukuta, wakati mama yuko misa. Na mama atatokea wapi akitaka kwenda barabarani? Hilo nalo likapatiwa dawa: jirani yetu wa nyuma, Naome, mwenye shamba la kahawa, alikubali mama apite katikati ya mibuni yake. Kila mmoja alimfikiria mwenzake kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona kwa watu wanaozungumza. Jasho lilikuwa langu.

Matofali yalitoka kwenye tanuru la bondeni. Nobert aliyagonga moja moja kwa mpini wa mwiko na kusikiliza. Lililolia kama kengele aliliweka kulia, lililotoa sauti ya kibuyu aliliweka kushoto, la kujazia. Aliujenga msingi kwa mawe ya mto, upana wa kutosha nyumba, nikamuuliza kama anajenga ukuta au daraja. Alikuwa akimjengea mama mkwe, na fundi anayemjengea mama mkwe hajengi kwa kulipua.

Kisha mvua za Machi zikaanza, na ukuta ukiwa umefika magotini, Nobert akaitwa Kinyamaseke kumalizia nyumba ya mtu aliyekuwa amemwahidi tangu mwaka uliopita. Akaenda. Akafunika kazi kwa majani ya migomba, akaenda!

Ukuta wa magotini hauzuii jicho, unazuia miguu tu. Mama sasa aliogopa hata kutoka nje, maana ule uzi na yale matofali yalikuwa kama yanatangaza kwamba hapa kuna watu wasiotakiwa kuonana na bado wanaonekana. Nilipiga simu kila jioni.

"Haraka haraka haina baraka, Mama Bright," alisema Nobert. Bright ndiye mwanetu, anasoma bweni Kasese.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo!" nikamjibu. "Tumbo lenyewe ni langu."

Sikuweza kutulia. Nikiwa sokoni Mpondwe na vitenge vyangu, mawazo yangu yalikuwa chini ya kile kitanda. Wateja walipima kitambaa nami natazama daraja, nikitafuta maua mekundu kati ya mizigo ya watu wanaovuka. Mvua ikinyesha naulaani ukuta, jua likiwaka namlaani Nobert. Watu waliniambia subira yavuta heri. Nilitamani kuwapiga kwa mita ya mbao.

Asubuhi moja nikapeleka chai, chumba kitupu. Niliinama, chini ya kitanda hamna kitu. Nilikimbia vile nilivyo, kandambili moja ikabaki njiani, nikamkuta mama amesimama kwenye stendi ya magari ya mpakani, mfuko miguuni, amevaa blauzi yake ya misa.

"Nilikuya tu kuuliza gari inatoka saa ngapi," alisema bila kunitazama.

"Na mfuko umekuja kuuliza nini?"

Nikaubeba mfuko kichwani, nikamshika mkono kama mtoto, tukarudi. Nikampigia Nobert: "Mama amefika barabarani. Njoo ujenge, au kaa huko huko mpaka uje kunizika." Alifika mchana huo huo kwa bodaboda kutoka Kinyamaseke, udongo wa kazi ya mtu ukiwa bado kwenye mikono yake.

Ndipo ukuta ukaanza kupanda kweli. Na ndipo nilipoona jambo ambalo katika mipango yote hakuna aliyelisema: ukuta una nyuso mbili, na Nobert angefikia uso mmoja tu. Fundi wa kawaida huzunguka upande wa pili akakwangua udongo uliofurika na kupiga mistari ya maungio. Yeye hakuweza kukanyaga kule. Kwa hiyo upande wetu ulikuwa umenyooka na kung'aa, na upande wa mama udongo ulivimba kati ya matofali na kuning'inia.

Siku ya pili nilisikia mkwaruzo. Kra, kra, kra. Nobert akasimama, mwiko hewani. Nikachungulia kwa juu. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejifunika kitenge chake, na kwa kijiko cha chakula anakwangua udongo uliofurika, kisha kwa mkia wa kijiko anachora mstari safi kati ya tofali na tofali.

"Unafanya nini, Mama?"

"Niko namusaidia. Yeye hawezi kukuya huku. Nani atamusaidia? Weye?"

Nilimwambia Nobert. Tangu hapo akawa anaweka safu mbili kisha anagonga ukuta kwa mpini, ko, ko, na kungoja. Mkwaruzo unakuja, unakwenda mpaka mwisho wa ukuta, unanyamaza. Naye anaendelea. Mkwe na mama mkwe, katikati yao upana wa tofali, wanafanya kazi moja na hawajasalimiana maisha yao yote. Nikaona wivu, nasema kweli. Miaka kumi ya ndoa sijawahi kupatana na Nobert hivyo hata katika kukunja shuka.

Lakini wivu haukunizuia kuwahimiza. Safu moja zaidi! Mvua inakuja! Mwambie akwangue, mwambie aongeze, nipe hiyo ndoo! Nilibeba matofali mwenyewe mpaka kucha zikavunjika. Nilitaka uishe, uishe, nione mfuko umefunguliwa.

Ukaisha alasiri ya Jumamosi. Nobert alipiga saruji juu, akailainisha, akashuka kwenye pipa lake, akanawa. Ukuta ulisimama mwekundu, umenyooka, haumpi kuku nafasi ya kuchungulia. Nilifurahi nikapika chai ya maziwa, nikammiminia mama kikombe chake kikubwa, nikatoka nacho jikoni kwetu, na hapo nikasimama katikati ya ua kikombe kikifuka mkononi.

Hapakuwa na mlango.

Niliutazama ule ukuta kutoka kona ya nyumba mpaka kwenye miti, nikautazama tena kutoka kwenye miti mpaka kona ya nyumba. Walikuwa wamekumbuka jua, choo, njia ya mama na mihogo. Walikuwa wamekumbuka macho ya kila mtu. Waliyemsahau ni mimi, na mimi mwenyewe kwa pupa yangu ya kumaliza nilikuwa nimewapa matofali. Ikabidi nitoke barabarani, nipande kilima kwa kuzunguka, nipite kwa Naome, nishuke katikati ya mibuni. Chai ilifika baridi na nusu yake iko kwenye gauni langu.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta kwanza, ufa ukaja baadaye, nao ukapita katikati yangu. Nilidai mlango. Nobert akasema, "Mlango ni kama jicho, Mama Bright. Itafunguka siku ile mbaya." Nikapanda kilima kumwambia mama. Mama akasema, "Mulango? Hapana. Mulango inafunguka tu ile siku haifai." Hawajawahi kusemezana hao! Nilishuka kilima nikiongea peke yangu, na mbuzi wa Naome akanikimbia.

Basi ikawa hivyo. Nobert akatembea katika ua wake kifua mbele, hakohoi. Mama akaimba nyimbo zake za Bikira Maria akitwanga mihogo, hajifuniki. Wote wawili walikuwa na amani, nami nikawa mtu wa njiani. Zamani nilimwona mama mara ishirini kwa siku, sasa nilimwona mara moja, nikiwa nahema. Mfuko nao? Niliuliza. Alisema ataufungua, ataufungua, hakuna haraka.

Yaliyotokea Ijumaa ile ya soko nimeyakusanya kwa Naome na kwa Nobert, ambaye akikuhadithia vita vizima hutumia maneno matatu. Mimi nilikuwa Mpondwe. Nobert alikuwa nyumbani akinoa patasi. Alimzoea mama kwa masikio, alijua mtwangio wake kama anavyojua saa ya kanisa. Mtwangio ukalegea, ukaendelea, ukanyamaza. Kisha kitu kikaanguka, na sufuria ikabiringika, ikabiringika, ikatulia.

Nobert alisimama. Na unajua alifanya nini? Aliniita mimi.

"Mama Bright! Mama Bright, uliza mama kuna nini!"

Niko sokoni, jamani. Aliita tena, na tena, uso wake karibu na matofali, "Mama Bright, uliza mama!" Hakukuwa na njia nyingine aliyojua ya kumsemesha. Hakuna aliyejibu. Njia ya kuzunguka kwa Naome ni ndefu, hata kwa mbio. Alichukua nyundo kubwa.

Naome alisikia kishindo akiwa kwenye mibuni, akadhani lori limeparamia nyumba. Alipofika alikuta tundu kwenye ukuta, vumbi jekundu, na Nobert amesimama ndani ya tundu macho ameyafumba kabisa, mikono mbele, anapapasa. Mama alikuwa chini karibu na kinu. Homa ya malaria ilikuwa imemshika tangu usiku, hakuniambia, maana ili aniambie ilimpasa kupiga kelele juu ya ukuta. Alipoona matofali yanaanguka, na nguvu zimemwisha, jambo alilolifanya ni kuvuta kitenge na kujifunika uso.

"Niongoze," Nobert alimwambia Naome. Akambeba mama mkwe mgongoni, macho yamefumbwa, Naome akamshika mkono kama kipofu, wakashuka hivyo mpaka barabarani kwenye bodaboda, na watu wa Bwera wakisimama kutazama.

Nilimkuta nje ya wodi hospitalini, amegeukia ukuta, vumbi la tofali limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Sikumuona, Mama Bright," alisema kabla sijafungua mdomo. "Ambia yeye. Sikumuona."

Ndani, mama alikuwa ametundikiwa dripu, kitenge bado usoni. Nilikifunua. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Aliniona?"

"Hapana, Mama. Alifumba macho njia nzima."

"Alinibeba."

"Alikubeba, ndiyo. Ungekufa."

Akageuza kichwa. "Bon. Batu bote baliona nimebebwa na mukwe. Nikipona narudia kwetu. Usiniambiye kitu."

Nilimwambia vitu vingi. Nilimwambia kwamba heshima gani hii inayotaka maiti. Nilimwambia mimi si daraja la Mpondwe la kukanyagwa kila siku. Nililia mbele ya wagonjwa bila aibu. Akakirudisha kitenge usoni.

Tukamrudisha nyumbani kwa njia ya Naome, akaingia chumbani kwake. Ijumaa magari ya kurudi ni mengi, alisema, ataondoka Ijumaa. Usiku mzima niliusikia ule mfuko kichwani mwangu, zipu inafunguka, zipu inafungwa.

Alhamisi nilitoka ndani nikamkuta Nobert amechuchumaa mbele ya tundu. Amechanganya udongo, amevuta uzi, anaziba. Uso ameugeuzia pembeni, anapapasa matofali kwa vidole na kuyapanga kwa kubahatisha.

"Unaziba?" nilimfokea. "Mama yangu anaondoka kesho, na wewe unaziba?"

"Nimeharibu heshima yake, narudisha," alisema kwa sauti ndogo. "Sijui kitu ingine ya kumpatia."

Hasira zikaniishia. Alikuwa anatubu kwa kazi anayoijua, huyu mtu wangu mkubwa. Aliweka tofali, akaligonga likakaa. Akainama kuchukua la pili. Alipoinuka, lile la kwanza lilikuwa linatembea. Lilisogea taratibu kuelekea kwake, udongo ukimenyeka pembeni, likaning'inia, likaanguka miguuni pake.

Aliliokota, akaliangalia, akalirudisha. Akaligonga kwa nguvu zaidi. Likatoka tena.

"Mama Bright," alisema, macho yamemtoka, "ambia mama udongo haijakauka."

Nikafungua mdomo. Lakini sauti iliyosikika haikuwa yangu.

"Nobert."

Jina lake. Miaka kumi mama yangu hakuwahi kulitamka, hata akisali alimwita baba ya Bright. Nobert alibaki na tofali mkononi, akanitazama nimpokee hilo neno. Hata mimi sikujua neno kama hilo linapokelewa vipi.

"Acha kuziba," mama alisema kutoka upande wake. Sauti yake ilikuwa karibu sana, kama ameweka shavu kwenye matofali. "Ile siku nilianguka, nilisikia uko naita, Mama Bright, Mama Bright. Mama Bright alikuwa soko. Miye ndiye nilikuwa hapa. Niko chini, niko nasikia, na hakuna mutu ananiita. Ungeniita, ningejibu. Ningesema, vunja."

Nobert aliliweka tofali chini.

"Siku ingine," mama alisema, "uniite miye."

Niliwaza, sema, mwanaume, sema, nikibana ngumi mpaka zikaniuma.

"Ndiyo, Mama," alisema Nobert.

Hakusema kwangu. Alisema kwenye ukuta. Kisha, kwa kuwa ni fundi, na fundi akihemewa hukimbilia kazi, akauliza, "Mama, hii mlango, ifunguke upande gani?"

"Ifunguke kwangu. Na komeo ikuwe kwangu. Na ukohowe mbele ya kupita."

"Nitakohoa, Mama."

Mkono wa mama ukatokea tunduni. Ulikuwa umeshika mfuko wa maua mekundu. Nikajua hakungoja Ijumaa. Lakini mfuko ulikuwa umelegea, mtupu, zipu wazi, hakuna hata leso ndani.

"Ubebeye muchanga," mama alimwambia. "Ile ndoo yako inavuya, naisikiaka kila siku."

Nobert aliupokea akiwa ameugeuza uso, akaenda nao kwenye rundo la mchanga, mabega yakimtikisika. Mimi nilikaa juu ya matofali nikalia kwa sauti, sina ujumbe wa kupeleka popote. Na hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza nalilia nini, maana alipokuwa akirudi na mfuko walikuwa wamekwisha kuanza kubishana kuhusu bawaba.